Kufunga mashine ya kukamua ng'ombe: mvuto wa hewa, mabomba, na ile geji hakuna anayeiangalia

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, eti mashine ya kukamua ninunue ya hosipawa ngapi. Kila mtu anaanzia kwa pampu. Pampu ndo inaonekana, iko na mota, iko na belti, inapiga kelele, jirani akipita barabarani anajua huyu mtu ameendelea. Lakini pampu ndo kitu cha mwisho kukusumbua bwana. Kinachosumbua ni mahali hewa inapoingilia bila ruhusa, na ule mvuto kupanda na kushuka wakati chuchu ya ng'ombe iko mle ndani, hapo ndo watu wanaharibu viwele halafu wanasema mashine ni mbaya, turudi kwa mikono.

Mimi niko Sebei, juu huku Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Nakamua ng'ombe 10, wengi ni machotara wa Friesian, na wawili wana damu nyingi ya zebu wa kienyeji, hao ni wakorofi na nitawarudia. Mashine yangu ni ile ya ndoo, si ya kupeleka maziwa moja kwa moja kwenye tanki la baridi, hiyo ya tanki ni ya matajiri wa kule Kiruhura na Mbarara. Nimeifunga mara 2. Mara ya kwanza nilimwachia fundi aliyesema anajua, kumbe anajua mabomba ya maji, na hivyo si kitu kimoja hata kidogo. Mara ya pili nikafunga mwenyewe na kijana wangu, siku mbili, na hiyo ndo inatembea mpaka leo.

Kwanza uelewe kinachofanyika mle ndani, maana bila hivyo utakaza nati hujui unakaza nini. Mashine haikamui kama mkono. Mkono unabana maziwa yatoke, mashine inapunguza hewa pale nje ya tundu la chuchu mpaka maziwa yaliyo ndani yanatoka yenyewe. Sasa ukiacha mvuto huo ushike chuchu bila kupumzika, damu inajaa pale nchani, inavimba, ng'ombe anaumia na anaanza kurusha mateke na wala hana makosa. Ndo maana kuna ile raba ndefu ndani ya kikombe cha chuma, tunaiita laina, na kati ya laina na kikombe kuna nafasi ndogo ya hewa. Palseta, kile kifaa kinachokaa kwenye kifuniko cha ndoo, inachezea hiyo nafasi tu. Inavuta hewa, laina inafunguka, maziwa yanatoka, afu inaachia hewa ya kawaida iingie, laina inajikunja na kuisinga chuchu, inapumzika. Tik-tok, tik-tok, mara 60 kwa dakika, na katika kila mpigo kama asilimia 60 ni kukamua na 40 ni kupumzika. Ukiisikia siku nyingi utaijua hata ukiwa jikoni, siku ikienda mbio au ikidoda unasimama unaacha chai.

Sasa mvuto wenyewe uwe kiasi gani. Kwa mashine ya ndoo weka kilopaskali 42 mpaka 45. Kama geji yako, ile saa ya kupimia mvuto, ni ya inchi za zebaki hiyo ni kama 12 na nusu mpaka 13 na kitu. Basi. Usiende 50 eti umalize haraka. Hata akimaliza haraka kidogo, atatoka na chuchu zenye ncha ngumu nyeupe kama sugu ya kisigino, na hapo vijidudu vinapata mlango wa kuingilia. Ukishusha sana nako, 35 huko, vikombe vinateleza na kuanguka, na kikombe kikianguka kinafyonza hewa na uchafu wa sakafuni na kuurushia chuchu nyingine. Kwa hiyo hapo katikati ndo pako.

Kuna jamaa alinionyesha video ya wazungu wa Vermont na Kanada wanavuta utomvu wa mti unaitwa mepo, wanauchemsha unakuwa sharubati nzito ya kumwagia kwenye chapati zao, lita 40 za utomvu unapata kama lita 1 tu. Sasa kilichonishangaza ni kwamba wengi wao wanatumia pampu zilezile za maziwa, za zamani zilizotolewa kwenye mazizi, na mabomba ya plastiki yanapita mti hadi mti msituni kama kamba za kuanikia nguo. Kule wanavuta mpaka inchi 25 na kupita, na kila inchi 1 wakiongeza utomvu unaongezeka asilimia 5 mpaka 7. Jamaa akaniambia si unaona, wenzetu wanapandisha, na sisi tupandishe. Nikamwambia mti hauna kiwele. Cha kuiga kwa hao watu ni kingine, wanatembea kwenye hayo mabomba msimu wote wakitafuta mahali panapovuja, hawakai wakasema pampu itajua yenyewe.

Haya, pampu. Za kawaida ni zile za mapanga yanayoteleza ndani ya ngoma, kuna za oili na kuna kavu. Kwa ndoo 1 au 2 utakutana na zinazoandikwa lita 200 mpaka 250 za hewa kwa dakika. Sasa hapa watu wa milimani sikilizeni, maana muuzaji hatakwambia na pengine hajui. Ile namba imepimwa chini kwenye hewa ya pwani. Kule hewa inasukuma kilopaskali 101. Hapa kwetu, mita kama 1,900 juu, hewa inasukuma kama 80 tu. Ukitaka mvuto wa 44 pwani pampu inabakiza 57 kati ya 101, huku inabidi ibakize 36 kati ya 80, yaani inafanya kazi kwenye hewa nyembamba zaidi, na ukipiga hesabu unapoteza kama asilimia 20 ya hewa ambayo ingeweza kutoa. Pampu ya lita 200 huku ni kama ya 160. Na kama unaiendesha na injini ya petroli, injini nayo inapumua hewa hiyohiyo nyembamba, nayo inapungukiwa kama asilimia 20. Kwa hiyo mtu wa Kapchorwa, Bukwo, Kabale, ukinunua chukua saizi moja juu ya ile unayoambiwa. Wa Soroti huko chini hasara yenu ni ndogo. Na usishangae geji yako huku haifiki inchi 30 hata ukiziba kila kitu, haiwezi, hewa yenyewe iliyoko ni ya inchi kama 24, watu wamerudisha pampu nzima dukani kwa sababu ya hilo.

Mpangilio uwe hivi. Pampu na mota viwe kwenye chumba chao au kibanda, nje ya mahali pa kukamulia, kwa sababu ya kelele na moshi wa oili. Kutoka pampu, kitu cha kwanza kiwe tanki dogo la mvuto, si lile la kupoza maziwa. Usiache tanki. Narudia, usiache tanki. Fundi wangu wa kwanza aliliacha, akasema ni gharama tu, bomba litoke pampu liende moja kwa moja kwa ng'ombe. Ikaenda vizuri wiki 3. Siku moja jioni nikakamua ng'ombe wa pili juu ya maziwa ya wa kwanza bila kumwaga ndoo, nikapigiwa simu, nikasimama hapo mlangoni naongea, ndoo ikajaa mpaka kwenye kifuniko, maziwa yakapanda bomba. Nilisikia tu sauti imebadilika, kama mtu anakunywa soda kwa mrija ikifika chini. Yakafika kwenye pampu. Yale mapanga yakanata, mota ikanguruma mara moja ikazima, na harufu ya yale maziwa yaliyoiva kwa joto la pampu ilikaa kibandani mpaka mke wangu akakataa kupita upande ule. Nikafungua, nikaosha na dizeli, nikatia oili mpya, mapanga mawili yakawa yamekwisha nikaenda Kitale kutafuta spea.

Sasa tanki, hata la lita 15 au 20, linakaa hapo katikati, chochote cha majimaji kinachokuja kinaangukia chini yake, na chini kabisa liwe na ile valvu ya raba inayofunguka yenyewe mvuto ukiisha ili maji yatoke. Na pia tanki linasaidia mvuto utulie, likiwa tupu ni kama akiba. Kati ya tanki na pampu weka valvu ya kuzuia kurudi nyuma, maana ukizima mota ghafla mvuto uliobaki kwenye bomba unaizungusha pampu kinyume, na inavuta oili kuipeleka kwenye mabomba yako ya mvuto.

Bomba kuu. Hapa ndo fundi wa maji na fundi wa mvuto wanapoachana. Bomba la maji likivuja unaona tone. Bomba la mvuto likivuja huoni kitu, linafyonza kimyakimya. Bomba la maji ukilipunguza linasukuma bado, bomba la mvuto ukilifanya jembamba hewa inachelewa kufika na kule mwisho mvuto unayumba hata kama geji iliyo karibu na pampu inasema 44. Mimi nilifungiwa nusu inchi! Sai nimeweka PVC nzito ya inchi 1 na nusu, ile ya presha, si ile nyepesi ya kupitishia waya za umeme, hiyo ya waya inaweza kujikunja. Elbo ziwe chache, kila elbo ni kikwazo. Mteremko uwepo, mimi nimetoa sentimita 1 kwa kila mita, bomba likielekea kwenye tanki, na kila mahali linaposhuka kabla ya kupanda tena weka koki ya kutolea maji. Maana mvuke wa maziwa na wa maji ya kuoshea unapoa mle ndani unakuwa maji, na maji yakikaa kwenye tumbo la bomba hewa inapita kwa kurukaruka. Lishikilie ukutani kila mita 1 na nusu hivi lisilegee.

Zile koki za kuchomekea hosipaipu ya ndoo, zitoboe upande wa juu wa bomba, si chini. Ukitoboa chini, yale maji machafu ya ndani ya bomba yanatiririka yanashukia kwenye palseta yako. Kijana wangu aliuliza si chini ndo rahisi kufikia mkono? Ndiyo ni rahisi, ndo maana mtu wa kwanza alifanya hivyo.

Kabla hujapaka gundi, kata bomba kwa msumeno wa meno madogo, kwangua mdomo wake mpaka usiwe na nyuzinyuzi, futa vumbi, paka pande zote mbili, sukuma na uzungushe robo, shikilia. Acha usiku mzima. Mvuto haupendi haraka, ukiwasha gundi ikiwa laini unaifyonza ndani na unakuwa na tundu ambalo halionekani.

Regyuleta. Hiki ndo kichwa cha mfumo wote na ni kadogo, watu wanakidharau. Kazi yake ni kuingiza hewa kwa makusudi, kidogokidogo, ili mvuto usipite pale ulipoweka. Iweke kwenye bomba kuu kati ya tanki na koki ya kwanza, mahali pakavu, pasafi, unapoweza kupafikia bila ngazi. Usiifunge kwenye kibanda cha pampu penye vumbi na moshi wa oili, kichujio chake kinaziba, mvuto unapanda bila wewe kujua, na ng'ombe ndo wa kwanza kujua. Geji iweke karibu nayo, mahali ambapo mtu aliyechuchumaa kwa ng'ombe anaiona. Geji yangu ya kwanza ilikuwa kibandani kwa pampu nyuma ya mlango. Nani angeiangalia?

Kuipima ni hivi. Washa, funga koki zote, subiri dakika 10 pampu ipate joto. Legeza au kaza skrubu ya regyuleta, au ongeza na punguza vile vyuma vya uzito kama ni ya aina hiyo, mpaka geji isome 44. Sasa tega sikio. Regyuleta lazima ipumue, ssss, ssss. Hiyo sauti ni akiba yako, ni hewa ambayo pampu ingeweza kutoa zaidi ya unavyohitaji. Fungua ndoo ianze kufanya kazi, klasta, yaani vile vikombe 4 pamoja, iko kwenye kiwele cha ng'ombe, regyuleta bado inapumua? Uko salama. Ikinyamaza kabisa wakati wa kukamua, pampu yako imefika mwisho wa nguvu zake au kuna mahali panavuja, na ukweli nimewaona wengi wakikimbilia kununua pampu kubwa kumbe ni gasketi ya kifuniko cha ndoo ya bei ya soda mbili.

Kwa hiyo tafuta panapovuja kwanza. Washa ifike 44, funga koki zote, zima mota, tazama sindano. Itashuka tu, hakuna mfumo usiovuja kabisa, lakini mimi kipimo changu nikihesabu 30 polepole na imeshafika sifuri, natafuta. Watu watakwambia paka povu la sabuni. Hilo ni la tairi iliyotoboka, kwenye tairi hewa inatoka inapuliza povu, huku hewa inaingia, povu linafyonzwa na huoni kitu. Chukua kipande cha hosipaipu, mwisho mmoja sikioni, mwingine upitishe kwenye kila kiungo, mlio utausikia kama nyoka. Au washa kijiti cha ubani, zima feni, moshi unapanda wima, ukifika kwenye tundu unainama unaingia. Tulipofanya hivyo kijana wangu alipitisha ubani bomba zima hakuna kitu, akafika kwenye elbo ya mwisho kabisa ile iliyo nyuma ya nguzo, moshi ukakunja shingo. Ufa mwembamba kama unywele, chini, upande wa ukuta. Tulikuwa tumekamua na ufa huo mwezi mzima.

Umeme. Mota ya hosipawa 1 ya fezi moja inatosha kwa ndoo 1 au 2, ila ule umeme wa jioni wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, volti 240 zinashuka mpaka mota inanguruma haizunguki. Ikinguruma zima haraka, inaungua. Mimi nakamua saa 11 alfajiri na saa 10 jioni kabla watu hawajarudi nyumbani, hilo limenisaidia kuliko stabilaiza. Angalia mshale wa pampu inazunguka upande gani kabla hujavalisha belti, belti ikibonyezwa katikati iingie kama unene wa kidole, ikikaza sana inakula beringi, ikilegea inateleza na mvuto unayumba. Bomba la moshi la pampu liangalie chini, lisipunguzwe unene, na lisielekee juu kama bomba la trekta, mvua ya huku itaingia yote.

Na waya wa ardhi. Tafadhali. Ng'ombe amesimama kwenye saruji iliyolowa, miguu minne, anahisi volti 2 au 3 ambazo wewe na buti zako huzihisi. Ukiona ng'ombe wote ghafla wanacheza miguu, hawataki kuingia, wanakunya sana wakati wa kukamua, usiwapige, mwite fundi wa umeme apime kati ya bomba na sakafu. Piga nguzo ya shaba ardhini, unga na vyuma vyote vya zizi.

Palseta na klasta. Palseta ivae mahali pake kwenye kifuniko cha ndoo, hesabu mipigo kwa saa ya simu, dakika nzima si nusu. Ingiza kidole gumba kwenye kila laina, moja baada ya nyingine, uhisi inabana na kuachia. Zote 4 zinabana vizuri, au zinapokezana mbilimbili kama ni aina hiyo. Ikiwa moja haibani mara nyingi ni kale kahosi kadogo ka hewa kamepasuka pale kanapoingia. Na kwenye kile kikombe cha katikati ambapo hosi 4 zinakutana kuna katundu kadogo sana, ka milimita 1 hivi, watu wanadhani ni kasoro ya kiwandani wanakaziba na gundi. Usikazibe! Kanaingiza hewa kidogo ili maziwa yasukumwe kwenda kwenye ndoo. Kakiziba maziwa yanajaa kwenye kikombe yanapiga nyuma kwenye chuchu. Kasafishe kwa unywele wa brashi, usitumie sindano maana kakipanuka nako ni shida nyingine.

Sasa ng'ombe. Siku za mwanzo usiwakamue na mashine, wawashie tu. Siku 3 au 4 washa pampu na palseta huku unakamua kwa mkono na wanakula pumba, wazoee kelele. Anza na yule mpole, wengine wanamtazama. Wale wawili wangu wa zebu, mmoja alikubali baada ya wiki 2 kwa kumleta ndama amlambe kwanza, yule mwingine mpaka leo anakamuliwa kwa mkono, nimemwacha, sina haja ya kuvunjwa mkono kwa ajili ya lita 3.

Kukamua kwenyewe: osha chuchu, si kiwele chote, kausha kwa kitambaa chake mwenyewe kila ng'ombe na chake, kamua mara 3 au 4 kwa mkono kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi uone kama kuna mabonge. Akiwa na mabonge huyo ni wa mwisho na maziwa yake hayaingii kwenye ndoo. Kutoka ulipomgusa mpaka kuvalisha klasta usizidishe dakika 1 na nusu, ile homoni inayoachia maziwa haikungoji, inakuja na kuondoka ndani ya dakika chache. Ukiwa unavalisha kunja kahosi ili hewa isiingie, anza na chuchu ya mbali. Ng'ombe wengi wanamaliza dakika 5 mpaka 7. Ukiona pale kwenye kioo yanapopita, maziwa yamekuwa uzi mwembamba, funga koki ya mvuto KWANZA, subiri sekunde 2 au 3, vikombe vitashuka vyenyewe mkononi. Usivute. Kuvuta klasta ikiwa bado na mvuto ni kumfungulia ugonjwa wa kiwele mlango, na hapo usije ukalaumu mashine. Halafu chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini na mpe majani asimame kama nusu saa, asilale kwenye tope tundu likiwa wazi.

Kuosha si kesho. Ni sasa hivi, ndoo ikiwa bado ina joto. Fyonza maji ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto kupitia vikombe mpaka yatoke meupe kidogo halafu safi, usianze na maji ya moto kwani yanapika maziwa yakagandamana kwenye raba. Baada ya hapo maji ya moto nyuzi 60 mpaka 70 na sabuni ya mashine za maziwa, ile isiyotoa povu, hii ya kufulia inajaza povu kwenye tanki lako na povu linapanda kwa pampu. Yafyonze na uachie hewa katikati, klasta juu, klasta chini, yaruke mle ndani yasugue. Suuza na maji safi. Mara 1 kwa wiki tumia dawa ya asidi kutoa ile magadi ya maziwa inayoganda kama chokaa, lakini asidi na klorini usivichanganye kamwe, hewa inayotoka inaua. Ning'iniza vikombe vikiangalia chini, mahali penye upepo, pasipo na kuku.

Laina za raba zina umri. Wenye viwanda wanahesabu kukamua ng'ombe 2,500, si miezi. Wangu 9 wa mashine, mara 2 kwa siku, klasta 1, ni mara 18 kwa siku, ukigawanya unapata siku 138, miezi 4 na nusu hivi. Mtu wa ng'ombe 4 na klasta 1 anaenda kama miezi 10 kwa hesabu hiyo lakini raba inazeeka hata bila kazi, badilisha kila miezi 6. Ukingoja ipasuke umechelewa, ndani inakuwa imeshalegea na ina vinyufa vinavyoficha maziwa. Badilisha zote 4 pamoja, na hakikisha laina ni ya saizi ya kikombe chako, nimewahi kuuziwa ndefu zaidi ya kikombe, ikawa haikazi ndani, inaninginia, vikombe vinaanguka kila baada ya dakika 2 na mimi nazungusha regyuleta kama kichaa kutafuta shida isiyokuwepo.

Oili ya pampu icheki kila asubuhi kabla ya kuwasha, tumia ile nyepesi iliyoandikwa kwenye kibati cha pampu, usimwagie oili iliyotoka kwenye pikipiki eti bado nzuri. Tanki lifungue mara 1 kwa mwezi ulioshe, utakachokikuta humo kitakwambia kama ndoo zako zinajaa kupita kiasi. Kichujio cha regyuleta kikung'ute siku hiyohiyo usisahau. Mimi nimeandika tarehe zote kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda, laina, oili, tanki, kichujio, na mtoto wa darasa la nne ndo amepewa kazi ya kunikumbusha, hasahau maana siku ya kubadilisha laina anachukua zile za zamani anatengenezea manati.